Masikio ya Kogo Cheruto

Ukipita Keringet asubuhi na usikie sauti ya mwanamke ikivuka bonde kuuliza ni ng'ombe wa nani ameingia kwenye viazi, ni mimi huyo. Immaculate, mama yake Kimberly. Mdomo wangu unajulikana kuanzia sokoni hadi msituni. Marehemu mume wangu alikuwa akiniambia kwamba siku nikifa, mwili utazikwa Ijumaa na mdomo ungojewe hadi Jumamosi unyamaze. Nilikuwa nikicheka sana. Siku hizi nikilikumbuka hilo sicheki.

Nilikuwa na mambo mawili ya kujivunia, na sikuwa nikimficha mtu. La kwanza ni mapishi. Harusi ikitokea huku kwetu, jikoni mimi ndiye naamua, na mwanamke anayebisha mkono wangu hajazaliwa. La pili ni Kimberly. Binti yangu anasomea ubongo wa mwanadamu. Si kutibu, hapana. Yeye na wenzake wanachunguza jinsi ubongo wa watu unavyotofautiana: wa mzee na wa kijana, wa aliyesoma na wa asiyesoma, wa sisi tunaoishi huku juu kwenye baridi na wa wale wanaofanya kazi kule chini Olkaria kwenye mitambo ya umeme wa mvuke.

"Mama," aliniambia siku moja jikoni akimenya viazi, "ramani ya ubongo ambayo madaktari wanaitumia imechorwa kutokana na vichwa vya watu wa nchi chache tajiri. Sisi karibu hatumo. Mtu wa hapa akipigwa picha ya kichwa, analinganishwa na mtu ambaye hata Keringet hajaisikia."

"Basi tuingie," nikamwambia. "Vichwa si tunavyo?"

Ndivyo mashine ya kupiga picha za ubongo ilivyokuja. Ilikuwa ndogo kuliko nilivyotarajia, ya magurudumu, na waliiweka kwenye ukumbi wa kanisa pamoja na kompyuta zao. Kazi ya kuwaleta watu niliichukua mimi bila kuombwa. Nilipita boma baada ya boma. Mzee Kimaiyo, ambaye shamba lake linapakana na letu kule chini, alinikaribisha kiti kisha akakataa.

"Wakoloni walipima vichwa vya Waafrika wakatuambia ni vidogo," alisema. "Sasa hawa wanataka kuingia hadi ndani. Wanatafuta nini huko?"

Nilimpelekea Kimberly mwenyewe. Kimberly akamwambia, "Ni kweli, mzee. Wale walipima wakiwa na jibu tayari mfukoni. Sisi tunapima kwa sababu hatujui." Mzee akasema atakuja akimaliza kukama. Nilitembea kurudi nyumbani nikiwa nimejaa sifa utadhani ni mimi niliyejibu.

Aliyenisumbua zaidi alikuwa Kogo Cheruto.

Sisi sote tunamwita Kogo, nyanya, hata wenye mvi zao. Ni jirani yangu, ua mmoja tu unatutenganisha. Ukimwona mara moja huwezi kumsahau kwa sababu ya masikio yake. Zamani wanawake wetu walikuwa wanatobolewa masikio na kuyavuta kidogo kidogo mpaka ndewe, ile nyama laini ya chini, inaning'inia karibu na bega. Kanisa lilipoingia, wenzake wakaenda kushonwa, mmoja baada ya mwingine. Cheruto alibatizwa kama wao lakini sindano akaikataa. Padri alimsema, mumewe alimsema, akawaambia Mungu alimpokea na masikio yake. Tena sikio la kulia lilikatika chini alipokuwa msichana, ndama alipoingiza kwato kwenye tundu la sikio wakati yeye akimkamua mama wa ndama huyo. Kwa hiyo la kushoto ni kitanzi kirefu, la kulia ni vipande viwili vinavyoning'inia. Huku kwetu hakuna mwingine wa hivyo aliyebaki.

Sababu yake ya kusita ilikuwa nzito. Cheruto alikuwa ametangaza mbele ya watoto wake kwamba kipande cha chini cha shamba, kile cha kando ya mto, atampa Jepchumba. Jepchumba ni binti yake aliyerudi nyumbani baada ya ndoa kuvunjika, na ndiye aliyemtunza miaka yote hii, ndiye aliyelima kile kipande hadi kikawa shamba. Lakini ndugu yake Kiptanui, anayefanya kazi Olkaria, alikuwa amekwishampata mnunuzi wa Nakuru. Akaanza kusema kila mahali kwamba mama yake amezeeka, kichwa kimeisha, hajui anachosema, na tangu lini binti akapewa ardhi. Chifu alikuwa amewaambia wangoje awaite.

"Immaculate," Cheruto aliniambia, "nikiingia kwenye hiyo kitu na ionekane mbaya, Kiptanui atafurahi."

"Ataionea wapi?" nikamwuliza. "Majina hayaandikwi. Hata uso unakatwa na kompyuta, macho, pua, mdomo, kila kitu. Kimberly amenieleza. Kogo, naapa kwa jina la mama yangu, hakuna mtu atakayetaja jina lako."

Yaani niliapa. Hakuna aliyeniomba niape.

Akakubali kwa ajili yangu. Siku hiyo alivua shanga zote, na Abdirahman, kijana wa Nakuru mjini aliyeendesha mashine, akamshika mkono akimwita mathe na kumlaza polepole kama anamlaza mama yake. Baadaye walimfanyia majaribio ya akili. Tulipokuwa tukirudi nyumbani aliniambia walimsimulia hadithi wakamtaka airudie. "Nimeirudia," alisema, "halafu nikawaambia mwisho wake si mzuri, nikawapa mwingine." Tulicheka hadi tukakaa chini kando ya barabara.

Miezi ikapita. Kimberly akarudi kutuonyesha walichopata, maana alikuwa amewaahidi watu kwamba hatachukua vichwa vyao na kupotea. Ukumbi ulijaa. Nilikaa mbele kabisa na kitambaa kipya kichwani. Cheruto alikaa nyuma na Jepchumba, na hata Kiptanui alikuwepo, amesimama mlangoni na koti lake la kazi.

Jameni, mtoto wangu alivyosema siku ile! Alieleza kwamba ubongo wa watu hutofautiana kuliko sura zao. Kwamba kuna wenye ubongo mkubwa na wenye mdogo na ukubwa haukuambii nani ana akili. Watu wakawa wanatikisa vichwa kwa kukubali. Kisha akaweka picha mbili ukutani, kichwa kizima kama sanamu, upande mmoja umekatwa ili uone ndani.

"Huyu ni kijana," alisema. "Na huyu ni mtu mzima sana. Tazameni hizi nafasi nyeusi. Ubongo umesinyaa, umeacha pengo. Ni miongoni mwa zilizosinyaa zaidi tulizoona. Lakini sasa nataka niwaambie jambo la ajabu kuhusu..."

Mimi nilikuwa naangalia ile sanamu. Uso haukuwepo kweli, ulikuwa laini kama yai. Ila kando, pale kompyuta ilipomaliza kukata, palikuwa na sikio. Na chini ya sikio palikuwa na vipande viwili vinaning'inia.

Nilifurahi. Hiyo ndiyo siwezi kujisamehe, kwamba nilifurahi, kama mtu anayemwona jirani yake kwenye televisheni. Nikainuka nikapiga kelele, "Si huyo ni Kogo Cheruto!"

Watu wakacheka kwanza. Wengine wakasema eeh, ndiye, hebu tazama lile sikio. Kisha kicheko kikaanza kukatika, maana wenye akili walikuwa wameanza kuunganisha sikio na yale maneno ya pengo na kusinyaa. Nikageuka. Kule nyuma Cheruto alikuwa ameinua mikono yake yote miwili na kufunika masikio. Mlangoni Kiptanui alikuwa ameinua simu, anapiga picha ukuta.

Kimberly akazima mashine ya kuonyeshea picha ukutani. "Tafadhali," alisema, "sijamaliza, tafadhali sikilizeni, huyu mtu..." Lakini alikuwa anasema na migongo. Watu wanapenda sana kuondoka wakiwa na habari nusu.

Nilitamani ardhi ipasuke. Nilitoka nje kwa mlango wa pembeni na kitambaa changu kipya, nikajificha nyuma ya tangi la maji la kanisa, mtu mzima mimi, hadi uwanja ukawa mtupu.

Nyumbani Kimberly hakula. Nilimgombeza, maana mimi nikiona haya hasira ndiyo hutangulia. Nikamwuliza ni kompyuta gani hiyo ya kijinga inayoacha masikio. Akanijibu bila kuinua macho.

"Iliundwa na watu ambao kwao masikio yote yanafanana, Mama. Kwao mtu hajulikani kwa sikio. Nililalamika miaka yote kwamba ramani yao haina watu wetu, halafu nikachukua kisu chao nikakitumia hivyo hivyo."

"Na wewe? Wewe si umekulia kwenye paja lake? Si hilo sikio ulikuwa unalivuta ukinyonya kidole?"

Hapo ndipo alipolia. "Nimekaa na hiyo picha wiki nyingi," alisema. "Nilikuwa naona ubongo tu. Sikuona kuna mtu."

Nilikuwa nataka kumwambia kwamba angalau yeye hakutaja jina, jina lilitajwa na mama yake aliyeapa. Lakini hilo alilijua, na kwa adabu yake hakulisema.

Kesho yake nilipenya kwenye ua kwenda kwa Cheruto. Jepchumba alikuwa mlangoni na ndoo, akanizuia njia. Jepchumba ni mpole, sijawahi kumsikia akiinua sauti, na hata siku hiyo hakuinua.

"Mama Kimberly," alisema, "Kiptanui ameituma hiyo picha kwa watu wote wa ukoo. Ameandika kwamba madaktari wamethibitisha. Chifu ametuita Alhamisi."

"Nataka kumwomba msamaha mama yako."

"Amelala."

Hakuwa amelala. Nilimsikia akiniita kutoka ndani, nikaingia. Alikuwa amekaa karibu na moto, na kichwa chake kilikuwa kimefungwa kilemba hadi chini ya kidevu. Miaka yote hiyo sikuwahi kuyaona masikio yake yakiwa yamefunikwa, hata kwenye baridi ya Julai, hata mvua ya mawe ikinyesha. Nilipiga magoti pale pale kwenye vumbi nikaanza kusema samahani Kogo, samahani, ni mdomo wangu huu, afadhali ukatwe.

"Nyamaza kwanza," alisema. "Nikuulize. Ni kweli kuna tundu kichwani mwangu?"

"Kimberly anasema haina maana mbaya. Anasema..."

"Jana niliweka chumvi kwenye chai. Asubuhi nimemwita Jepchumba kwa jina la dada yangu. Zamani nilikuwa nafanya hivyo nacheka. Sasa nakaa hapa nalisikiliza lile tundu." Akashika kilemba. "Labda Kiptanui anasema kweli. Labda sijui ninachogawa."

Jamani, aibu nimewahi kuiona. Nimewahi kuanguka kanisani nikielekea kupokea komunyo, sketi ikapanda. Lakini aibu ya kumwona mtu uliyemwibia imani yake mwenyewe, hiyo sikuwa nimeijua. Nilirudi nyumbani nikapika, chakula kikaungua, nikawapa kuku.

Kimberly akampigia simu profesa wake siku hiyo hiyo, akamweleza kila kitu. Kazi yao ikasimamishwa mpaka wachunguzwe. Nilimsihi asiende kwa chifu, asije akaongeza moto. "Nikinyamaza," alisema, "ile picha itaendelea kusema peke yake."

Alhamisi tulijaa kwenye uwanja wa ofisi ya chifu. Chifu Kigen ni mtu wa haki, ila hana subira. Kiptanui alisimama kwanza. Alisema vizuri, simfichi sifa yake. Alisema anampenda mama yake, kwamba inamuuma, lakini wataalamu wenyewe wameonyesha mbele ya kanisa zima kwamba ubongo umekwisha. Akapitisha simu kwa wazee, wakaitazama mmoja baada ya mwingine, na kila aliyeitazama aliinua macho akamtazama Cheruto kidogo, kisha akayaondoa haraka. Cheruto alikuwa ameinamia fimbo yake, kilemba kimefungwa mpaka kidevuni.

"Kogo," chifu akamwuliza, "hicho kipande unachompa Jepchumba kinaanzia wapi, kinaishia wapi? Tueleze wewe mwenyewe."

Cheruto akafungua mdomo. Nilimwona akitafuta neno, nikamwona akijishuku, mkono ukaenda kichwani. Akamwangalia Jepchumba.

"Asisaidiwe," Kiptanui akasema.

"Mimi sijui," Cheruto akasema kwa sauti ndogo. "Waulizeni wenye mashine."

Kimberly akasimama. "Kogo," alisema, "naomba ruhusa yako niseme habari zako."

"Si mlishazisema?"

Kimberly akavumilia hilo. "Tulisema nusu. Naomba niseme iliyobaki."

Cheruto akainua kidole kimoja kwenye fimbo, maana yake sema.

Basi akasema. Alisema ile picha ni ya Cheruto na kwamba kuionyesha lilikuwa kosa lake, si la mashine wala la mtu mwingine, na hapo nilitazama chini. Alisema picha inaonyesha nyama, haionyeshi mawazo. Kwamba kuna watu ambao ubongo wao umesinyaa na hawakumbuki watoto wao, na kuna wengine umesinyaa vile vile na akili ni kali, na hakuna mtaalamu duniani anayeweza kukuambia kwa kutazama picha tu nani ni nani. "Ndiyo maana nilichagua picha yake," alisema. "Katika majaribio ya kukumbuka aliwashinda watu ambao ni rika la wajukuu wake. Nilitaka niwaambie hilo. Nilianza na lile lingine kwa sababu nilitaka mshangae."

Wazee wakanong'ona. Kiptanui akatikisa kichwa. "Hayo ni maneno, chifu. Picha ni picha. Na swali ameulizwa sasa hivi hapa, ameshindwa."

Na kweli alikuwa ameshindwa. Chifu akavuta pumzi kama mtu anayetaka kumaliza. Nilimtazama Cheruto, nikaona kwamba hata hayo mazuri ya Kimberly hayakumfikia. Alikuwa ametolewa ukutani akarudishwa ukutani, watu wakamjadili kama gunia la viazi linalokaguliwa sokoni. Hakuna aliyekuwa anazungumza naye.

Nikasimama. Niliona watu wakifunga macho, ati huyu tena. Kimberly akasema, "Mama, tafadhali."

"Kogo," nikasema, "hawa wote wanajua mimi ndiye mpishi wa Keringet. Nimewasumbua nalo miaka yote. Hebu waambie nilijifunzia wapi."

Cheruto akainua kichwa. Tulitazamana. Kulikuwa na jambo ambalo yeye na mimi tu ndio tuliolijua, na mume wangu alikufa bila kulijua. Sikuwa nimemtaka aape kulificha. Alilificha tu.

"Nisiseme hiyo," akasema.

"Sema. Sema yote, usiniachie kitu."

Akakaa wima kidogo. "Huyu?" akasema, akininyooshea fimbo. "Huyu alikuja hapa bibi harusi, hata maji yalikuwa yanamshinda kuchemsha. Ugali wake niliuona, mbwa wangu aliunusa akaondoka." Mtu mmoja akacheka. "Na baba mkwe wake mnamkumbuka nyinyi wazee, yule mtu mkali. Alisema akiletewa tena ugali mbichi, msichana arudishwe kwao kabla ya mvua. Huyu akaja kwangu analia, kamasi hadi hapa. Nikamwambia nyamaza. Msimu mzima nilipika mimi. Jioni nampitishia chungu kwenye ua, yeye anakibeba kichwani na kuingia nacho kwa mkwe anajitikisa kama malkia. Mzee akawa anamsifu kwa marafiki zake. Ile sifa yote mnayoisikia harusini, ni chungu changu hicho."

Uwanja mzima ulikuwa unacheka, mzee Kimaiyo anajifuta macho, na wanawake wenzangu wa jikoni, wale niliowatawala, wanapigana makofi mikononi. Uso wangu ulikuwa unawaka. Nilisimama pale pale nikakipokea kicheko chao.

"Na tulikuwa tunakipitishia wapi hicho chungu, Kogo?"

"Si kwenye mwerezi ule wa matawi mawili! Pale ua wa mume wangu unapoanzia." Alikuwa amegeuka sasa, anamwangalia chifu. "Kutoka huo mwerezi unashuka hadi jiwe jeusi la kufulia, unafuata mto mpaka kwenye michongoma ya Kimaiyo, halafu unapanda na njia ya ng'ombe unarudi kwenye mwerezi. Ndani ya hapo ni kwa Jepchumba, kwa sababu alilima palipokuwa na vichaka na wanangu wengine wakiwa wamepasahau. Nyumba ya juu na malisho ni ya Kiptanui, na sijamnyima. Usifikiri nilisahau swali lako, Kigen. Hata wewe nilikupokea mimi ulipozaliwa, ulitanguliza miguu."

Chifu alicheka kuliko watu wote. Alipomaliza alifunga jambo hapo hapo, akasema yeye na wazee wamemsikia mama mwenyewe na watakwenda kupima kipande hicho pamoja. Kiptanui akarudisha simu mfukoni. Alikwenda akasimama mbele ya mama yake kama anataka kusema kitu, kisha akasema tu atakuja Jumapili, akaondoka. Jepchumba alikuwa anashika mkono wangu bila kuniangalia.

Hapo ndipo hadithi hii ingepaswa kuishia, na watu wengine wakiisimulia huishia hapo, kwa kile chungu. Nikiingia jikoni harusini siku hizi, kuna wasichana wananiuliza kama nimepitia uani. Sijali. Hilo nililinunua mwenyewe.

Lakini kilemba hakikutoka. Nilingoja Jumapili ya kwanza, nikangoja nyingine. Kimberly alimwendea mara nyingi, akamwambia kwamba picha imefutwa na kwamba sasa kompyuta yao inakata na masikio pia. Cheruto alimshika kichwa akambariki, akamwambia asome. Hakuwa na kinyongo naye. Kilemba kikabaki kimefungwa hadi kidevuni, na watoto wadogo wanaokua sasa hawajui kilichomo.

Kisha asubuhi moja aliniita kwenye ua, pale pale kwenye mwerezi, akaniambia nimsindikize Nakuru hospitali.

"Unaumwa wapi, Kogo?"

"Siumwi. Nataka kushonwa."

Nilibisha. Ee Mungu, nilibisha kwa mdomo wangu wote. Nikamkumbusha padri, nikamkumbusha mumewe, nikamwambia alishawashinda wote hao, mbona amalizie hapa. Akanisikiliza hadi nikachoka. Akasema nivae sweta, Nakuru kuna upepo.

Daktari alikuwa msichana mwenye mikono myepesi. Alikata zile ndewe ndefu, akashona kulia, akashona kushoto. Mimi nilishika bakuli. Daktari alipomaliza walimletea Cheruto kioo kidogo, akajitazama upande huu na upande ule kwa muda. Masikio mawili madogo, mekundu kwa dawa, yanayofanana na ya mtu yeyote.

Akanirudishia kioo.

"Haya," akasema. "Sasa hata wakiniweka ukutani tena, hutanijua."